Mkalimani Naye Apimwe

Somo la redio kwa watu wazima. Kompyuta: jinsi ya kujaribu kiungo cha lugha mbili.

Sogea karibu na taa, chukua penseli na daftari, tuanze.

Leo twaenda Same, mji ulio chini ya milima ya Upare. Mgeni mmoja, ajuaye Kiswahili cha kuombea maji tu, ashuka katika basi. Ataka kupanda Mamba kesho yake. Amwuliza kijana wa stendi gari la Mamba huondoka saa ngapi. Kijana amjibu, "Saa mbili." Mgeni aandika katika kitabu chake 2:00. Kesho yake ala chakula cha mchana kwa raha, kisha aja stendi na mzigo wake. Gari lilikwisha ondoka tangu asubuhi.

Je, nani aliyekosa? Saa ya kijana ilikuwa sawa. Saa ya mgeni ilikuwa sawa pia. Ungalizipeleka zote mbili kwa fundi, angalikurudishia na kukuambia hazina ubovu. Kosa lilikuwa njiani, pale neno "mbili" lilipotoka katika hesabu ya watu waanzao kuhesabu saa jua linapochomoza, likaingia katika hesabu ya watu waanzao usiku wa manane.

Shikeni jambo hilo, maana ndilo somo letu lote. Vitu viwili vyaweza kuwa sahihi, kila kimoja peke yake, na bado jibu likawa baya kwa sababu ya pale vinapokutana. Basi pale vinapokutana nako hakuna budi kupimwe.

LUGHA MBILI KATIKA KAZI MOJA

Katika masomo yaliyopita tuliona kuwa kompyuta huandikiwa maagizo kwa lugha nyingi. Leo tuzigawe mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni lugha ambazo maandishi yake hutafsiriwa yote mapema, kabla ya kazi kuanza, yakawa lugha ya mashine yenyewe. Programu ifanyayo tafsiri hiyo huitwa kompaila. Lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie huko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ni ya fungu hili. C++, iliyoanzishwa na Bjarne Stroustrup mahali hapo hapo, nayo ni ya fungu hili. Lugha hizi ni za mbio sana, lakini ni kali. Ukikosea kidogo hazikusamehi, na mara nyingine hazikuambii.

Fungu la pili ni lugha za skripti. Hapa waandika mstari mmoja, wapata jibu papo hapo, waandika mwingine. Python ni ya fungu hili. Lua, iliyozaliwa Rio de Janeiro, Brazil, mwaka 1993, ni ya fungu hili. Na R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1990, ni ya fungu hili. Lugha hizi ni pole kwa mtumiaji, lakini kwa hesabu ndefu huenda kwa mwendo wa kobe.

Basi watu wakafanya shauri la busara. Hesabu nzito huiandika kwa C++, na maswali huyauliza kwa R. Katikati huweka kiungo. Kiungo ni kipande cha programu ambacho huichukua funksheni iliyoandikwa kwa C++, yaani fungu la maagizo lenye jina lake, na kuifanya iitike inapoitwa na R. Kwa lugha hizi mbili kiungo kijulikanacho sana ni Rcpp, kazi ya Dirk Eddelbuettel, Romain François na wenzao.

Kama wataka mfano wa nyumbani, fikiri mzee wa milimani asemaye Chasu tu, na bwana shamba asiyejua hata neno moja la Chasu. Mzee ana ujuzi, bwana shamba ana maswali. Kati yao ameketi mkalimani. Mzee aweza kuwa mkweli, na bwana shamba mkweli, lakini mkalimani akisikia vibaya, mbegu zitapandwa mwezi usio wake. Kiungo ni mkalimani huyo.

HESABU HIZI ZATUHUSU NINI?

Labda utasema, "Mwalimu, hayo ni ya watu wa mbali." Sivyo, ndugu yangu. Kati ya 1955 na 1959 nyumba za Upare, na za Taveta ng'ambo ya mpaka wa Kenya, zilipuliziwa dawa ya dieldrin ili kuua mbu wa malaria. Mpango ule uliitwa Pare-Taveta, na watafiti wake walitoka katika taasisi ya malaria iliyokuwa Amani, milima ya Usambara. Watu walitobolewa kidole, damu ikatazamwa kwa darubini, na namba zikaandikwa. Draper na Smith walichapisha habari za Upare mwaka 1957, na tena mwaka 1960.

Namba za namna ile, yaani watu wangapi walipimwa na wangapi walikuwa na vimelea, ndizo ambazo leo hutiwa katika programu za kuigiza ugonjwa. Programu moja ya namna hiyo ni malariasimulation, ya Imperial College London. Mtafiti huiendesha kwa R, na ndani yake hesabu nzito hufanywa kwa C++ kupitia Rcpp. Programu za aina hii huwasaidia watu kuamua vyandarua vingapi vigawiwe, au dawa ipuliziwe wapi. Kwa hiyo kiungo kibovu hakimuumizi mwenye kompyuta peke yake. Chaweza kumfikia mtoto alalaye bila chandarua, na mama yake hatajua kamwe kwamba kisa ni namba iliyovuka vibaya.

ZAMU YA MAJI

Sasa tuchukue mfano mdogo ambao kila mtu wa Same ataufuata. Mwajua ndiva. Ndiva ni bwawa lililochimbwa na wazee wetu milimani na vilimani. Usiku hujaa maji ya kijito, na asubuhi hufunguliwa, maji yakashuka mferejini mpaka mashambani kwa zamu. Ndiva ziko tangu zamani, na sheria yake kubwa ni zamu. Anayeikosa zamu yake wakati mahindi yanachanua, huvuna mabua.

Tuseme kikundi cha watumiaji maji kina mashamba 24, na kijana wa kikundi ameandika programu ya zamu. Orodha ya saa za maji ya kila shamba ameiweka upande wa C++. Upande wa R, katibu auliza, "Shamba la 1 lina saa ngapi?" Programu yajibu.

Kijana ameijaribu sehemu ya C++ peke yake, ni sawa. Ameijaribu sehemu ya R peke yake, ni sawa. Amefurahi. Lakini hakujua, au alisahau, kwamba R huhesabu kuanzia 1, na C++ huhesabu kuanzia 0. Katika C++ kitu cha kwanza cha orodha huitwa namba 0, na cha mwisho katika 24 huitwa namba 23. Ni kisa kile kile cha saa mbili.

Basi katibu akiuliza shamba la 1, hupewa saa za shamba la 2. Akiuliza la 2, hupewa za la 3. Na akiuliza la 24, C++ huenda hatua moja kupita mwisho wa orodha, ikasoma chochote kilicholala hapo katika kumbukumbu ya mashine. Pengine itatoa namba ya ajabu. Pengine programu yote itazimika. Pengine, na hili ndilo baya zaidi, itatoa namba inayofanana na kweli. Mama mwenye shamba la mwisho, kule chini kabisa ya mfereji, ataambiwa, "Kompyuta imesema." Ataibishia nani kompyuta?

JARIBIO LIFICHALO KOSA

Utasema, "Angalijaribu na kiungo." Kweli, lakini si kila jaribio ni jaribio. Tuseme kijana amekumbuka, akaandika jaribio la kiungo. Katika jaribio hilo kila shamba amelipa saa 2. Auliza shamba la 7, apata 2. Auliza la 15, apata 2. Asema kiungo ni kizima. Lakini angalipewa shamba la jirani, si angalipata 2 vile vile? Mifuko yote ikiwa sawa huwezi kujua kama mizani imepima mfuko wako au wa mwenzako.

Basi kanuni ya kwanza: vitu vya jaribio viwe tofauti kila kimoja. Shamba la 1 lipe 101, la 2 lipe 102, hivyo hivyo mpaka la 24 lenye 124. Sasa ukiuliza la 1 ukapata 102, kosa limejitaja lenyewe. Na ikiwa funksheni yapokea vitu viwili, kama idadi ya mashamba na idadi ya siku, usijaribu kwa mashamba 7 na siku 7. Jaribu kwa mashamba 24 na siku 7, ili vikibadilishana nafasi njiani uone.

Kanuni ya pili: jaribu ncha zote mbili. Katikati ya orodha mambo huenda vizuri, na makosa hupenda kukaa mwanzoni na mwishoni. Uliza la 1, uliza la 24. Kisha uliza la 0 na la 25, ambayo hayapo, uone kama programu itakataa kwa adabu. Na umpe orodha tupu, isiyo na shamba hata moja, uone atafanya nini.

Kanuni ya tatu yahusu kwenda na kurudi. Wengine hujaribu kiungo kwa kupeleka kitu C++ na kukirudisha R, kikirudi kama kilivyokwenda husema ni salama. Jaribio hilo lafaa, lakini halitoshi. Mkalimani akisikia "kulia" akasema "kushoto", na katika kurudi akisikia "kushoto" akasema "kulia", wewe wa upande huu utaona yote ni sawa, na kumbe mwenzako wa ng'ambo amekwenda njia nyingine. Makosa mawili yamefutana. Kwa hiyo weka shahidi ng'ambo. Funksheni ya C++ ikisha kupokea kitu, itoe jibu ambalo lategemea ilichopokea, na wewe uwe umelihesabu jibu hilo kwa mkono mapema, katika daftari. Usiiulize kompyuta jibu sahihi ni lipi, kisha ukatumia jibu hilo hilo kuipimia.

MTOTO ASIYEKUWAPO

Twende sasa kwenye jambo ambalo limewakosesha hata mafundi. Turudi kwenye kupima damu. Tuseme watoto 10 wa kijiji wameandikwa. Wanne wana vimelea, tuwaandike 1. Watano hawana, tuwaandike 0. Mmoja hakuwapo siku ile, alikwenda kwa nyanya yake Hedaru. Huyu si 1 wala si 0. Hatujui hali yake.

R ina alama ya jambo hili. Huandika NA, maana yake habari hazipo. Lakini C++ katika namba zake kamili haina alama hiyo. R yenyewe, ndani kabisa, huiandika NA ya namba kamili kwa namba ndogo kuliko zote zinazoingia katika nafasi yake, yaani kutoa 2,147,483,648. Upande wa R, kila mtu ajua kuwa namba hiyo maana yake ni NA. Ikivuka kwenda C++, huko haina maana yoyote ila namba. Mtoto aliyekwenda kwa nyanya yake sasa amekuwa deni la zaidi ya bilioni mbili.

Ukijumlisha tu, jibu litakuwa la kuchekesha, na kosa utaliona upesi. Lakini angalia hatari. Mwandishi wa C++ akiandika, "Kila asiye 0 ana vimelea," mtoto yule atahesabiwa mgonjwa: watano katika kumi, asilimia 50. Akiandika, "Kila aliyezidi 0 ana vimelea," atahesabiwa mzima: wanne katika kumi, asilimia 40. Hesabu ya kweli ya waliopimwa ni wanne katika tisa, asilimia 44 na kidogo. Namba tatu, na zote tatu zaonekana kuwa za heshima. Hakuna itakayomshtua mtu mezani.

Basi kanuni ya nne: katika kila jaribio la kiungo mtie asiyekuwapo. Mtie mwanzoni, mtie katikati, na jaribu pia orodha ambayo wote hawakuwapo. Kabla ya kujaribu, amua mwenyewe jibu liwe nini. Kiungo chaweza kukataa, chaweza kumruka na kusema amerukwa, chaweza kurudisha NA. Lolote kati ya hayo lakubalika, mradi liandikwe na lijulikane. Lisilokubalika ni kumgeuza mtoto kimya kimya.

DAKIKA ZIPOTEAZO NA DAFTARI LILILOAZIMWA

Yako mambo mawili zaidi, nayo ni ya kimya vile vile.

La kwanza ni namba zenye desimali. Shamba moja limepewa saa 2.9 za maji. Funksheni ya C++ imeandikwa kupokea namba kamili. Kiungo hakitakupigia kelele. Kitakata kile cha nyuma ya nukta, na 2.9 itafika ng'ambo ikiwa 2. Wala si 3. Mwenye shamba amepoteza dakika 54 za maji, na hapana mtu aliyemnyang'anya. Kanuni ya tano: peleka namba yenye desimali mahali pa namba kamili, na namba kubwa sana mahali pa namba ndogo, uone kinachofika.

La pili ni kuazimana. Jirani akikuomba daftari la zamu, waweza kumpa nakala, au waweza kumpa daftari lenyewe. Ukimpa nakala, akiandika humo, lako li salama. Ukimpa lenyewe, akifuta, amefuta lako. Katika Rcpp, ukipeleka orodha ya namba kamili kwenye funksheni inayotaka orodha ya namba kamili, hupelekwa daftari lenyewe. Funksheni ikipunguza saa nusu kwa sababu ya ukame, orodha yako ya R nayo itapungua nusu, bila wewe kuagiza. Lakini ukipeleka orodha ya namba za desimali kwenye funksheni hiyo hiyo, kiungo hakina budi kuzigeuza kwanza, kwa hiyo hufanya nakala, na yako hubaki kama ilivyokuwa.

Waona mtego? Katika R namba uiandikayo tu, kama 2, huhifadhiwa kama ya desimali, na ukitaka iwe namba kamili huandika 2L. Kijana akijaribu kwa 2, atasema, "Orodha yangu haikuguswa." Siku ya kazi, namba zikija katika umbo la namba kamili, daftari la kikundi litabadilika bila mtu kujua. Kanuni ya sita: jaribu kwa aina zote mbili, na baada ya kila wito tazama tena ulichokipeleka, kama bado ni kilekile.

KUKATAA NAKO KUVUKE

Kanuni ya saba, nayo ni ya mwisho leo. Funksheni njema hukataa upuuzi. Ukiiambia shamba lina saa kutoa 3, itakataa. Lakini kukataa kwake kwafika upande wa R? C++ ikilalamika kwa njia iliyo halali, Rcpp huuchukua ule ulalamishi na kuugeuza kuwa kosa la R, lenye maneno yake. Mtumiaji husoma, hurekebisha, huendelea. Lakini ikiwa sehemu ya C++ imeandikwa kuzima programu pale inapokwama, itazima na R yote, na kazi ya asubuhi nzima ya katibu itapotea pamoja nayo.

Kwa hiyo jaribu kukataa, kama ujaribuvyo kukubali. R ina pakiti ya majaribio iitwayo testthat, iliyotengenezwa na Hadley Wickham. Ndani yake muna agizo la expect_equal, lisemalo, "Nangoja jibu liwe hili." Muna na expect_error, lisemalo, "Nangoja ikatae." Wanafunzi wengi hulijua la kwanza, wachache hulitumia la pili. Mlinzi wa ndiva hapimwi kwa kuwafungulia wenye zamu tu. Hupimwa pia kwa kuwazuia wasio na zamu.

SI SISI TU

Msivunjike moyo mkiona makosa haya, wala msidhani ni ya wanafunzi peke yao. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo cha angani, Mars Climate Orbiter, kilipofika kwenye sayari ya Mihiri. Programu moja ya duniani ilitoa namba za msukumo kwa kipimo cha pauni, na programu iliyozipokea ilidhani ni kwa kipimo cha nyutoni. Pauni moja ya nguvu ni kama nyutoni 4.45. Watu wale walikuwa mafundi wakubwa, na hesabu zao kila upande zilikuwa na mpango. Kosa lilikuwa mlangoni, namba ilipovuka bila kutaja kipimo chake.

SASA TUKUSANYE

Andika katika daftari lako mambo haya saba, uyaulize kwa kila funksheni iliyofunguliwa kwa lugha ya skripti:

1. Je, nimejaribu kwa vitu vilivyo tofauti, ili kosa la nafasi lisijifiche?
2. Je, nimejaribu cha kwanza, cha mwisho, vilivyopita mpaka, na orodha tupu?
3. Je, yuko shahidi ng'ambo, na jibu nimelihesabu mwenyewe kwa mkono?
4. Je, asiyekuwapo amefika akiwa asiyekuwapo?
5. Je, desimali na namba kubwa zimefika nzima?
6. Je, nilichokipeleka kimebaki kama kilivyokuwa?
7. Je, kukataa kumenifikia, na R ikabaki hai?

Majaribio yenyewe yawe mafupi. Hesabu ya ndani ya C++ ipimwe kwa majaribio yake yenyewe, upande wake. Jaribio la kiungo kazi yake ni kuulinda mlango. Tena, yaandike ili mashine iyarudie yenyewe yote kila mara unapobadilisha kitu: ukiandika upya mstari mmoja wa C++, ukichukua toleo jipya la R, ukihamisha programu kwenye kompyuta nyingine. Mkalimani aliyekuwa mzima jana hatujui leo ameamkaje.

KAZI YA NYUMBANI

Walio na kompyuta: andikeni funksheni moja ya C++ ipokeayo orodha ya saa za maji na namba ya shamba, irudishe saa za shamba hilo. Ifungueni kwa R kupitia Rcpp. Kabla hamjairekebisha lolote, ipitisheni katika maswali saba, mwandike ilianguka wapi.

Wasio na kompyuta, nanyi mna kazi, tena si ndogo. Ketini watu watatu. Mmoja aandike saa tano za safari kwa hesabu ya Kiswahili, wa pili azigeuze ziwe za Kizungu, wa tatu azitumie kupanga safari bila kuuliza lolote. Kisha someni pamoja, na mtazame ni saa zipi zilizopotea njiani. Hakikisheni kuwamo saa sita ya mchana na saa sita ya usiku, maana hizo ni ncha za orodha.

Na kijana wetu wa zamu ya maji, tumwache hivi hivi? La. Tumpe ushauri. Kabla ya kuileta programu yake mbele ya mkutano, na amwendee mzee atunzaye daftari la zamu. Amwombe hesabu za msimu uliopita, zilizoandikwa kwa mkono, za shamba la 1 na za shamba la 24. Aziweke katika majaribio. Programu ikikubaliana na daftari la mzee katika ncha zote mbili, na ikimkataa asiye na zamu, hapo aje nayo mkutanoni. Na mama wa shamba la mwisho ndiye awe wa kwanza kuuliza swali.

Katika somo lijalo tutaona namna ya kuandika makosa kwa maneno ambayo mtumiaji atayaelewa.